SHAURI LA MWEZI: Mlezi Anaporudi Kazini

Mwezi huu tuzungumze jambo linalowagusa watu wengi, hasa akina mama. Nyumba nyingi zina mtu asiyeweza kujitunza mwenyewe. Pengine ni mzee aliyepooza, au mtoto mwenye ulemavu, au mgonjwa wa muda mrefu. Mtu huyo hutunzwa na mwingine, na huyo anayemtunza tunamwita mlezi.

Mlezi hafungwi kwa kamba, lakini amefungwa. Hawezi kwenda shamba la mbali wala kushinda mnadani. Kazi yake haina mshahara wala siku ya kupumzika.

Sasa siku moja mambo yanabadilika. Mgonjwa anapata nafuu, au mtoto anakua. Mlezi anataka kurudi kazini. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Je, nyumba ilikuwa inapata msaada wa serikali? Msaada huo utaendelea? Utabadilika? Utakatwa? Na nani atabaki na mgonjwa?

Mama wa Uyui

Katika wilaya ya Uyui, mkoa wa Tabora, kuna kijiji kimoja karibu na njia ya zamani ya misafara. Nilifika pale asubuhi. Nilimkuta mama mmoja akianua mahindi juani.

"Mwangaluka, mama," nilimwamkia.

"Mwangaluka, mzee. Karibu. Kaa kwenye kigoda hicho."

Ndani ya nyumba alilala mama mkwe wake. Mzee huyo alipata kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulikufa ganzi, naye akashindwa kutembea na kula mwenyewe. Mume wa mama huyu alikwenda kutafuta kazi mbali, na habari zake zikawa chache. Nyumbani walibaki watu wanne tu: mama, mama mkwe, binti wa darasa la tano, na mtoto mdogo wa miaka mitatu.

Kwa miaka miwili mama huyu hakulima zaidi ya bustani ya nyuma ya nyumba. Kila siku alimwosha mkwe wake, alimlisha, alimgeuza ili asipate vidonda, na alimnyoosha mkono na mguu.

Nyumba hiyo iliandikishwa katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Katika orodha iliwekwa kwenye kundi la kaya zisizo na mtu wa kufanya kazi. Walipata ruzuku, lakini hawakuitwa kwenye kazi za kijiji.

Sasa mkwe anakaa mwenyewe na anashika kikombe. Akishikwa mkono, anafika mlangoni kwa fimbo. Mama akaanza kufikiri juu ya kazi. Lakini alikuwa na hofu mbili.

"Mzee," aliniambia, "nikisema nina nguvu, watasema mimi si maskini tena. Wataniondoa. Nisiposema, nitakaa hivi mpaka lini?"

Hiyo ni hofu ya kwanza. Ya pili aliitaja kwa sauti ndogo.

"Nikienda kazini, binti yangu ndiye atakayebaki na bibi yake. Naye anapenda shule."

Ndugu msomaji, tuzichukue hofu hizi moja moja.

Mpango huu ni upi?

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianza mwaka 2000. Mwanzoni ulisaidia zaidi kujenga madarasa, zahanati na visima. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete alizindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Tangu hapo msaada ulianza kufika ndani ya nyumba zenyewe. Februari 2020 Rais John Magufuli alizindua awamu ya pili ya Mpango huo.

Msaada wa Mpango ulikuwa wa namna mbalimbali. Tukumbuke tatu.

Namna ya kwanza ni ruzuku ya kaya. Kaya maana yake ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Katika awamu ya kwanza, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Fedha zililipwa kila baada ya miezi miwili.

Namna ya pili ni ruzuku yenye masharti. Hii ni kwa ajili ya watoto. Mtoto mdogo apelekwe kliniki. Mtoto wa shule ahudhurie shule. Katika awamu ya kwanza, mtoto wa shule ya msingi alihesabiwa shilingi 2,000 kwa mwezi, mpaka watoto wanne kwa kaya moja.

Namna ya tatu ni malipo ya kazi. Wananchi walichimba malambo, walitengeneza barabara za vijiji na walipanda miti, wakalipwa. Katika awamu ya kwanza malipo yalikuwa shilingi 2,300 kwa siku. Katika awamu ya pili yalikuwa shilingi 3,000 kwa siku. Mtu alifanya kazi siku 10 kwa mwezi, kwa miezi 6. Jumla ni siku 60 kwa mwaka.

Tupige hesabu. Siku 10 mara shilingi 3,000 ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwa miezi 6 ni shilingi 180,000. Hizo zinatosha kununua mbegu, mbuzi na madaftari. Si fedha za kudharau.

Viwango hubadilika kila awamu. Kwa hiyo usishike kiwango cha zamani. Uliza kiwango cha leo kwa mtendaji wa kijiji chako.

Mlezi yuko katikati

Mpango uliiangalia kila kaya kwa swali moja: je, kuna mtu mzima mwenye nguvu za kufanya kazi? Kama yupo, kaya ilipewa nafasi ya kazi. Kama hayupo, kwa mfano nyumba ya wazee watupu, kaya ilipewa ruzuku bila kudaiwa kazi.

Sasa tumwangalie mama wa Uyui. Je, ana nguvu? Ndiyo. Je, yuko huru kwenda kazini? Hapana. Ana mikono miwili, lakini yote imeshika mgonjwa.

Hapa ndipo mlezi anapopotea. Ukihesabu nguvu tu, utamwita kazini, na mgonjwa ataachwa peke yake. Ukihesabu mgonjwa tu, utamwacha mlezi nyumbani hata siku ambayo angeweza kutoka.

Jambo hili si letu peke yetu. Wenzetu wa Ethiopia walianza mpango mkubwa wa namna hii mwaka 2005. Huko pia watu maskini hufanya kazi za jamii na kulipwa. Walipata shida hii hii kwa akina mama, wakaweka utaratibu. Mama mjamzito huondolewa kwenye kazi, lakini malipo yake hayakatwi. Mtoto akifikisha umri uliowekwa, mama hurudi kazini. Vilevile mlezi wa mtoto mwenye utapiamlo hupumzishwa kazi mpaka mtoto apone. Katika muda huo mama huhudhuria mafunzo ya afya.

Maana ya utaratibu huo ni nyepesi kueleweka. Kulea ni kazi. Mlezi hahami kutoka uvivu kwenda kazini. Anahama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Basi msaada wake nao uhame pamoja naye, usikatike njiani.

Hofu ya kwanza: "Wataniondoa"

Hofu hii tuijibu wazi. Kazi za Mpango ni sehemu ya Mpango wenyewe. Mtu haondolewi kwa sababu amekubali kufanya kazi aliyopewa na Mpango huo huo. Kaya huhitimu na kutoka baada ya hali yake ya maisha kupimwa upya na kuonekana imeinuka. Kushika jembe siku 10 si kuinuka. Ni kuanza kuinuka.

Tena, malipo ya kazi hayakufuta ruzuku ya watoto. Mtoto wa shule alibaki mtoto wa shule, na mtoto wa kliniki alibaki wa kliniki, hata mama alipokwenda kuchimba lambo.

Lakini kuna jambo la kuangalia. Kaya ikihamishwa kutoka kundi la "hakuna mtu wa kazi" kwenda kundi la "yupo mtu wa kazi", ile ruzuku ya kutodaiwa kazi inaweza kubadilika. Kwa hiyo mlezi asihame gizani. Aulize kwanza.

Wazee wetu wa Unyamwezi waliijua hekima hii. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mizigo mingi kati ya Bagamoyo na Ujiji ilibebwa na watu. Pembe za ndovu zilikwenda pwani. Nguo za merikani, shanga na waya zilikuja bara. Mzungu Burton na mwenzake Speke walifika Tabora Novemba 1857. Kutoka pwani mpaka hapa walitumia zaidi ya miezi minne. Walifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na nyayo za wapagazi kwa miaka mingi.

Njia hiyo ilikuwa na uchungu wake pia. Watumwa walipitishwa hapo. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru wa kazi ya ujira. Waliondoka kiangazi na kurudi masika kulima. Na walipoondoka, nani alibaki na wazee na watoto? Nani aliangalia shamba? Walibaki walezi. Majina yao hayakuandikwa na wasafiri, lakini bila wao msafara usingetoka.

Mpagazi mzoefu hakukubali mzigo kabla ya kuuinua na kujua uzito wake. Alitaka pia kujua posho yake ni kiasi gani na italipwa wapi. Mlezi anayerudi kazini afanye vivyo hivyo. Asiutue mzigo wa kwanza kabla ya kuujua wa pili.

Hofu ya pili: binti na shule

Hofu ya pili ni nzito kuliko ya kwanza.

Sharti la shule lilikuwa hili: mtoto ahudhurie asilimia 80 ya siku za shule. Asilimia 80 maana yake ni siku 8 katika kila siku 10. Tuseme mwezi mmoja una siku 20 za shule. Mtoto anatakiwa kuwapo shuleni siku 16 au zaidi. Akikosa siku 4, bado yuko ndani ya sharti. Akikosa siku 5, ameanguka.

Sasa mama akienda kazini siku 10, na binti akabaki na bibi siku hizo 10, binti atahudhuria siku 10 tu kati ya 20. Hiyo ni asilimia 50. Ameanguka mbali sana, na ruzuku yake itakatwa.

Lakini tuwe wakweli. Hesabu ya fedha peke yake inaweza kutudanganya. Kwa kiwango cha awamu ya kwanza, ruzuku ya mtoto wa shule ya msingi ilikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Malipo ya kazi ya mama ni shilingi 30,000. Mtu anaweza kusema, "Nipoteze 2,000, nipate 30,000. Kuna ubaya gani?"

Ubaya upo, ndugu msomaji. Zile shilingi 2,000 si bei ya mtoto. Ni ukumbusho tu. Anayepotea ni binti mwenyewe. Atakosa siku 10 mwezi huu na siku 10 mwezi ujao. Baada ya miezi 6 amekosa siku 60. Wenzake wamekwenda mbele. Atashindwa mtihani, ataona haya, na atakaa nyumbani. Kisha atakuwa mlezi asiye na elimu, kama mama yake alivyokuwa. Mzigo umetoka kichwani kwa mama ukawekwa kichwani kwa mtoto.

Hiyo si njia ya kurudi kazini.

Walivyofanya

Mama wa Uyui alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima. Siku moja alikwenda kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Alisoma orodha polepole, herufi kwa herufi. Akaliona jina la kaya yake. Akasoma pia kundi alilowekwa. Zamani angemwomba mtu amsomee, na angeambiwa chochote. Safari hii alisoma mwenyewe.

Akaenda kwa kamati ya Mpango ya kijiji. Aliwaeleza hivi: "Mkwe wangu amepata nafuu. Ninaweza kufanya kazi, lakini si bila mpango wa nyumbani. Nataka kujua mambo haya kabla sijabadili." Akatoa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Ilikuwa na maswali matano. Tutayaona hapa chini.

Jioni yake kilifanyika kikao kidogo nyumbani. Alikuwapo mwenyekiti wa kitongoji, mjumbe mmoja wa kamati na majirani wawili wa kike. Walianza kuzungumza juu ya mgonjwa kana kwamba hayupo. Mgonjwa akagonga fimbo yake sakafuni.

"Ulimi wangu haukupooza," alisema mama mkwe. "Niulizeni mimi. Asubuhi nikishaoshwa na kulishwa, ninaweza kukaa mpaka mchana. Nataka mtu wa kuniinua nikitaka kujisaidia, na wa kunipa maji. Sitaki mjukuu wangu akose shule kwa ajili yangu. Mimi sikusoma. Najua ubaya wake."

Wote walinyamaza. Kisha jirani mmoja, bibi mzee anayeishi peke yake, akasema atakuja kukaa naye siku za kazi. Naye alikuwa na shida yake. Kisima kiko mbali na mgongo wake unauma. Wakakubaliana. Mama atamletea bibi jirani ndoo mbili za maji kila siku, na atamlimia kipande cha bustani. Bibi jirani atakaa na mgonjwa na kumwangalia mtoto mdogo. Hakuna aliyemlipa mwenzake fedha.

Wahenga walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake, mzigo ukiwa wa mtu mwingine tunauona mwepesi kama gunia la pamba. Kikao kile kilifanya watu wauinue mzigo wenyewe, nao wakajua uzito wake.

Mama akaomba jambo moja zaidi kwa msimamizi wa kazi. Kwa miaka miwili amemwinua mgonjwa, na kiuno chake kimechoka. Akaomba kuanza na kazi nyepesi kwenye kitalu cha miti. Akakubaliwa.

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri siku tisa. Siku ya kumi kulitokea msiba kwa ndugu wa bibi jirani. Hakuweza kuja. Asubuhi binti alisimama mlangoni na mfuko wake wa madaftari. Alimtazama mama yake. Hakusema neno.

Mama akaweka jembe chini. "Nenda shule," alimwambia. Yeye akabaki.

Siku hiyo alipoteza shilingi 3,000. Siku ya shule haikupotea.

Jifunze kwa makosa ya wengine

Uingereza ni nchi tajiri, lakini walezi wake nao wamepata shida katika jambo hili.

Mwaka 1976 serikali ya huko ilianza kutoa posho kwa mtu anayeacha kazi ili amtunze mgonjwa. Lakini mwanamke aliyeolewa hakupewa. Sababu ilikuwa kwamba mke yuko nyumbani tu, hata hivyo. Akina mama walipinga. Mmoja wao alifikisha shauri lake mahakamani. Ilifika mwaka 1986 ndipo wanawake walioolewa nao wakaanza kupata.

Baadaye ikaja shida nyingine. Mlezi aliruhusiwa kufanya kazi ndogo ya mshahara, lakini kulikuwa na kikomo. Akizidi kikomo kwa pauni moja tu, posho ya wiki nzima ilipotea. Walezi wengi walizidi kidogo bila kujua. Hawakutoa taarifa, na fedha ziliendelea kuja. Baada ya miaka wakapata barua: rudisha fedha zote. Wengine walidaiwa maelfu ya pauni. Mwaka 2024 jambo hili lilizua kelele kubwa nchini humo. Aprili 2025 kikomo kilipandishwa kutoka pauni 151 hadi pauni 196 kwa wiki.

Tunajifunza nini? Mambo mawili. Kwanza, kikomo cha namna hiyo humwadhibu mtu anayejaribu kujitegemea, na ni wajibu wa wenye kupanga kulitazama hilo. Pili, mlezi atoe taarifa mapema. Usingoje kuulizwa. Fedha iliyokuja kwa makosa haina baraka, kwa sababu inaweza kudaiwa siku ambayo huna kitu.

Maswali matano ya kuuliza kabla ya kuhama

Haya ndiyo maswali ya mama wa Uyui. Yaandike na wewe.

1. Nikiingia kwenye kazi, ni ruzuku ipi itabaki na ni ipi itabadilika?

2. Malipo ya mwisho ya utaratibu wa zamani ni lini, na ya kwanza ya utaratibu mpya ni lini? Kati ya hapo kuna pengo la muda gani? Kumbuka, malipo hayaji kila wiki. Pengo la miezi miwili ni njaa. Weka akiba ya chakula kabla ya kuhama.

3. Kazi ni siku ngapi, inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi?

4. Nikipata dharura ya mgonjwa, mtu mwingine wa kaya yangu anaweza kwenda badala yangu?

5. Mgonjwa akizidiwa tena, naweza kurudi kwenye kundi la zamani? Nimwone nani?

Swali la tano ndilo watu husahau. Nafuu si kupona. Anayetembea leo anaweza kulala kesho. Mlango wa kutoka uwe pia mlango wa kurudia.

Ukijibiwa, andika. Andika tarehe na jina la aliyekujibu. Tunza karatasi pamoja na kitambulisho chako. Taarifa za kaya hazibadilishwi kwa hongo. Mtu akikuomba fedha ili akuandike, kataa, na upeleke habari kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri.

Kama kazi ni ya kuajiriwa

Wengine hawarudi kwenye kazi za kijiji. Wanarudi kwa mwajiri, kwa mfano kiwandani, dukani au kwenye shamba kubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda mama mzazi. Ana haki ya likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Akizaa pacha, ni siku 100. Akirudi, mwajiri amruhusu kunyonyesha katika saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Na arudi kwa masharti yale yale ya kazi aliyoiacha. Kurudi kwako si hisani ya mwajiri. Ni haki yako.

Neno la mwisho

Ndugu msomaji, pengine wewe si mlezi. Lakini jirani yako ni mlezi. Umeona hafiki mkutanoni, haonekani shambani, nguo zake zimechakaa. Usiseme ni mvivu. Kapige hodi. Muulize, "Mama, nikikaa na mgonjwa asubuhi moja, utapata nafasi ya kufanya nini?"

Na wewe uliye mlezi, usiogope kuuliza. Kuuliza si ujinga. Nguvu zako ziseme, na mzigo wako useme pia. Kamati haiwezi kupanga kitu isichokijua.

Nilipoondoka Uyui jua lilikuwa limesogea. Binti alikuwa anatoka shule. Alikaa kwenye mkeka karibu na bibi yake, akafungua kitabu, akaanza kumsomea. Bibi alisikiliza, kisha akasema, "Rudia hapo. Umeruka neno."

Tuonane mwezi ujao.

Mshauri wenu

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Mama wa Uyui alikuwa na hofu gani mbili? Ni ipi iliyo nzito zaidi? Kwa nini?

2. Shule ina siku 20 kwa mwezi. Mtoto amekosa siku 6. Je, amefikisha asilimia 80?

3. Mtu amefanya kazi siku 9 kwa shilingi 3,000 kwa siku. Amepata shilingi ngapi?

4. Katika kijiji chetu kuna walezi wangapi? Tunaweza kusaidiana nao kwa njia gani bila fedha?

Maneno ya kujifunza

Mlezi: mtu anayemtunza mwingine asiyeweza kujitunza.

Kaya: watu wanaoishi pamoja na kula pamoja.

Ruzuku: fedha za msaada zinazotolewa na serikali.

Sharti: jambo linalotakiwa kutimizwa kabla ya kupata kitu.

Kikomo: mwisho uliowekwa ambao hauruhusiwi kupita.

Dharura: jambo la haraka lisilotazamiwa.